Maji Mawili na Yavuyavu wa Milango ya Mito

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyiezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zetu watu wa pwani, nanyi mliopanda bara mkafanya maskani Majengo ya Songea: maji ya mto Ruvuma yatoka karibu nanyi, katika milima ya Matogoro, yakaenda kilomita zaidi ya 700 mpaka yakaingia baharini kusini ya Mtwara, mpakani mwa Msumbiji. Hapo mlangoni hukutana maji mawili, matamu na ya chumvi, mfano wa yale aliyoyataja Mola wetu katika Suratul Furqan, na baina yao kizuizi. Hatusemi kuwa haya tuyaandikayo ndiyo tafsiri ya aya hiyo. Tafsiri ina wenyewe. Lakini mwenye kudhani kuwa kila kizuizi ni ukuta, na awatazame viumbe wa mahali hapo, hasa wale tuwadharauo kuliko wote, yavuyavu, ambao wengine huwaita konyeza.

Yavuyavu si samaki. Hana mfupa, hana moyo, hana ubongo, na karibu sehemu 95 katika 100 za mwili wake ni maji. Wala si wa namna moja. Yuko alalaye chali juu ya tope la mikoko, minyiri juu, na mwilini mwake mna mimea midogo mno impayo chakula kwa mwanga wa jua. Yuko mwenye kibofu cha buluu kieleacho juu ya maji. Twamdhani ni mmoja, kumbe ni jamii ya viumbe walioshikamana, hawa kazi yao kunasa, hawa kazi yao kula. Wako wasiochoma kabisa, wenye safu nane za vinyweleo ving'aavyo kwa rangi za upinde wa mvua. Na wako mfano wa mapipa madogo ya kioo, waungao mnyororo na kuchuja maji. Hao ni wa bahari kuu, mlangoni mwa mto huonekana kwa nadra.

Kila mmoja ana kadiri yake ya chumvi. Masika mto ukijaa, maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, hupita juu, na ya chumvi hukaa chini. Yavuyavu wengi hushuka au husukumwa nje. Kiangazi chumvi hupanda mtoni, nao hupanda nayo. Basi kizuizi hicho chaenda na kurudi kwa mvua na kwa bamvua. Na Mwenyiezi Mungu hakushindwa kumweka yavuyavu hata penye maji matamu matupu: ziwa Tanganyika lina wake, upana wao kama sentimita 2, ambao Mjerumani Richard Böhm aliwaona mwaka 1883.

Sasa sikilizeni lililotufanya tuandike. Mvuvi akivuta jarife lake akaliona limejaa ute, samaki hamna, na jarife la jirani ni safi, Shetani humnong'oneza: fulani amenifanyia. Hiyo ni dhana mbaya, na kumsingizia Muislamu uchawi ni dhambi kubwa kuliko hasara ya siku moja. Yavuyavu hawana nguvu ya kushindana na mkondo. Maji huwakusanya hapa, na pima chache kutoka hapo hapana hata mmoja. Tena wengi wao huzaliwa kwa pamoja: mtoto hushika jiwe au gogo, akawa kama ua dogo, kisha ua likakatika vipande kama visahani, na kila kisahani kikawa yavuyavu. Wingi wa ghafula una sababu yake majini.

Kama twataka wa kumlaumu, tuitazame mikono yetu. Baadhi ya kasa hula yavuyavu, na mfuko wa plastiki ueleao hushabihi yavuyavu. Kasa huumeza akafa. Serikali ilikataza mifuko ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini plastiki nyingine zingali zatupwa mferejini, na takataka ikiisha kufika Ruvuma, iwe imetoka Majengo au kwingineko, njia yake ni ile ile ya maji.

Na aliyechomwa, na aoshe kwa maji ya bahari, aiondoe minyiri kwa kijiti. Asisugue kwa mchanga wala asimwagie maji matamu, kwani huvifyatua vimiba vya sumu vilivyosalia. Na vimiba hivyo huchoma hata yavuyavu akiwa amekufa ufuoni. Akiona pumzi inamwia nzito, na apelekwe hospitali upesi.