Hesabuni Miguu

Masomo: 1 Samweli 21:10-15; Mathayo 7:15-20



Sulemani alimtuma mvivu kwa chungu akajifunze bidii (Mithali 6:6). Leo twendeni tena kwa chungu, lakini tumtazame yule anayetembea kama wao naye si mmoja wao.

Huku Afrika ya Mashariki wako buibui wadogo wanaofanana sana na chungu. Mwili wao ni mwembamba, umebanwa kama kiuno cha chungu. Chungu ana miguu sita na vipapasio viwili. Buibui ana miguu minane, wala hana vipapasio. Basi huyu huinua miguu yake miwili ya mbele na kuitikisa hewani, ionekane kama vipapasio. Wawindaji wengi humwepuka chungu kwa sababu huuma na ana wenzake wengi. Buibui huyu anajificha ili aishi.

Wengi wetu tunamwelewa. Njiani tulificha lugha ya mama, tukabadili majina kwenye vizuizi. Wengine mioyo inawashitaki hadi leo. Ndugu, Daudi alijifanya mwenda wazimu mbele ya Akishi, mfalme wa Gathi, na Mungu hakumwacha. Lakini Daudi hakubaki katika wazimu ule. Yusufu naye alisema na ndugu zake kwa mkalimani, hata siku ilipofika akalia, akawaambia yeye ni nani (Mwanzo 45). Kwa hiyo tuwaambie watoto wetu majina ya babu zao na lugha ya kwetu. Vazi la njiani lisigeuke kuwa ngozi.

Lakini yuko buibui wa namna nyingine. Anaitwa Portia, naye anapatikana Kenya na Uganda. Chakula chake ni buibui wenzake. Hufika kwenye utando wa mwenzake, akagusagusa nyuzi taratibu, kama mdudu mdogo aliyenaswa. Mwenye utando hukimbilia chakula, kumbe chakula ni yeye. Asipoitika, Portia hubadili mdundo, akajaribu huu na ule, hata apate ule unaoitikiwa. Na huko Marekani yuko buibui anayetoa harufu kama ya nondo jike. Nondo dume wakiifuata usiku, huwanasa kwa tone la gundi lililo kwenye uzi.

Angalieni, hawa hawaji na vitisho. Huja na kile kinachotamaniwa.

Hapa makazini nyuzi zetu zinajulikana: safari ya nchi ya tatu, kazi ya mjini kwa binti, uponyaji wa mtoto. Mtu huja akagusa uzi mmoja. Tusipoitika, hugusa mwingine. Atasema, "Toeni kidogo tu, jina lenu lipite." Wapendwa, nafasi ya kwenda nchi ya tatu haiuzwi. Huduma za UNHCR ni bure. Anayedai pesa, hata akiomba kwa machozi, anatikisa utando.

Bwana alitufundisha kuwatambua kwa matunda yao, si kwa ngozi waliyovaa. Buibui hubadili umbo na mwendo, lakini miguu inabaki minane. Basi tuhesabu. Je, anataka pesa kwanza? Anataka iwe siri? Anakataza tusiulize wazee wa kanisa? Ana haraka kupita kiasi? Tomaso alipotaka kuona, Bwana hakumfukuza, bali alimwonyesha mikono yake (Yohana 20). Mkweli haogopi kuchunguzwa.

Na waliokwisha kunaswa, waliouza mabati na mbuzi wao, tusiwacheke. Kutamani mahali salama si dhambi. Waje, tuwasikilize, ushuhuda wao uwaokoe wengine.

Tuombe: Bwana, wewe uliyetuona tulipojificha, utupe macho ya kuwaona wanaotuwinda, na moyo wa kupendana katika kweli. Amina.