Bushi Ngumu, Bushi Laini na Swali la Msimamo

Kati ya springi ya lori na chasisi kuna kipande kidogo ambacho abiria hakioni: bushi. Inapochoka, fundi humuuliza mwenye gari: tuweke ya mpira, au ya poliyurithani, ile plastiki ngumu isiyobonyea kirahisi? Wengi huchagua ngumu papo hapo, wakiamini kwamba kisichopinda ndicho imara. Imani hiyo haiishii gereji. Ndiyo inayomsifu kiongozi asiyebadili neno na kumshuku anayesikiliza.

Gari lenyewe linatoa ushahidi mwingine. Bushi ya mpira kwa kawaida imegandishwa kwenye chuma, kwa hiyo springi ikicheza, mpira hujisokota kisha hurudi. Ndiyo maana boliti yake hukazwa lori likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ikikazwa huku springi zinaning'inia, lori likishushwa mpira hubaki umesokotwa muda wote na huchanika mapema.

Poliyurithani, iliyobuniwa na Otto Bayer na wenzake Ujerumani mwaka 1937, mara nyingi huteleza juu ya bomba la chuma. Inataka grisi, ikikauka, hulia. Inastahimili mafuta yanayouvimbisha mpira, na dereva huhisi usukani unaitika haraka. Lakini mtikisiko ambao mpira ungeumeza, yenyewe huupitisha hadi kwenye chasisi.

Hata hivyo, ulaini peke yake haumwokoi mtu. Mpira mbichi hunata kwa joto na kukakamaa kwa baridi. Charles Goodyear wa Marekani alipata hataza mwaka 1844 ya kuupika na salfa, inayofungamanisha nyuzi zake. Vifungo hivyo ndivyo vinavyoufanya ubonyee na kurudi ulipokuwa.

Aristotle aliligusa jambo hili katika kitabu cha tano cha maadili yake, alipotaja rula ya risasi ya wajenzi wa Lesbos iliyofuata umbo la jiwe. Kwake, hakimu mwadilifu huirekebisha sheria pale ujumla wake unaposhindwa kuenea tukio lililo mbele yake. Mpinzani atauliza: rula inayopinda itapima nini?

Fikihi ya Kiislamu inamjibu kwa mfano ambao kila dereva Mwislamu wa safari ndefu anaujua. Msafiri ana ruhusa ya kusali adhuhuri, alasiri na isha kwa rakaa 2 badala ya 4. Magharibi inabaki 3, na alfajiri inabaki 2. Akila mchana wa Ramadhani njiani, analipa siku hizo baadaye. Ruhusa ina mahali pake, ina mpaka, na ina marejeo. Aliyekula safarini akakataa kulipa hawezi kujificha nyuma ya ruhusa. Wala anayeshika saumu hadi kuhatarisha maisha yake hawezi kuuita ukaidi huo uchamungu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mtu wa msimamo si kama anapinda, ni wapi anapinda na kama anarudi. Fundi hulijibu kwa kila kiungo peke yake. Lori la shehena linalopita makorongo libaki na mpira kwenye springi, na poliyurithani iwekwe kwenye fimbo inayozuia gari lisilale kwenye kona.