Chai ya Kaplong na Mvinyo wa Porto

Mwanafunzi kutoka Kaplong, eneo la chai nchini Kenya, anayesoma Ulaya, akizitumia Jumamosi na Jumapili kuzuru Porto, mji wa pwani ya Ureno, atakutana na mvinyo mtamu unaotiwa pombe kali ya zabibu ili kusimamisha uchachukaji, na ambao jina lake linalindwa: bonde la mto Douro liliwekewa mipaka ya kisheria mwaka 1756, na zabibu za nje yake haziwezi kutoa mvinyo wa jina hilo. Majani mawili na chipukizi yanayochumwa alfajiri huko Kaplong, kwa upande wake, huishia kwenye mnada wa Mombasa, ambako wanunuzi huichukua chai hiyo na kuichanganya na ya nchi nyingine, na jina la kilima ilikotoka hupotea kabla pakiti haijafungwa, hasara ambayo wachumaji wa chai hiyo hawakuistahili kamwe.