Arabuni



Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso, amwita Roho Mtakatifu arabuni ya urithi wetu. Neno hilo ni la sokoni. Anunuaye ng'ombe na hana fedha zote hutanguliza kiasi, ili muuzaji ajue kwamba ahadi yake ni ya kweli. Mungu naye hakutuachia maneno matupu, ametanguliza arabuni.

Siku hizi twaona matangazo yatuambiayo tuchukue gari leo bila arabuni. Twayapokea kama zawadi. Yafaa kwanza tuketi tuhesabu, kama Bwana wetu alivyofundisha habari za mtu atakaye kujenga mnara.

Tuchukue mfano. Gari ni shilingi 1,200,000. Riba ni asilimia 15 kwa mwaka juu ya deni lote la mwanzo. Muda ni miaka 4. Riba itakuwa 720,000 na jumla 1,920,000, yaani 40,000 kila mwezi kwa miezi 48. Aliyetanguliza 300,000 atakopa 900,000 tu. Riba yake ni 540,000, na kila mwezi atalipa 30,000. Basi ile arabuni hatukusamehewa. Imegeuka deni, nalo limezaa riba ya 180,000.

Mwaka wa kwanza ukiisha, tumelipa 480,000, na mkataba wadai bado 1,440,000, kupita bei ya gari siku tulipolichukua. Gari nalo limekwisha kupungua thamani. Likichukuliwa na kuuzwa kwa mnada, na bei isifikie deni, twaendelea kudaiwa kwa ajili ya gari tusilo nalo. Hapo hatujataja bima kubwa aitakayo mkopeshaji, wala petroli, wala magurudumu.

Nyumba moja katika mtaa wetu ilipita njia hiyo. Gari lilipoletwa kanisani kuombewa, tulipiga vigelegele. Kabla mwaka haujaisha mshahara ulichelewa, miezi miwili ikapita bila malipo, na gari likachukuliwa alfajiri. Deni lililobaki likamwangukia mdhamini, mzee wa kanisa aliyetia sahihi kwa kuona haya kukataa. Akauza ng'ombe aliowaweka kwa karo ya wajukuu. Kwa muda mrefu nyumba hizo mbili hazikuikaribia Meza ya Bwana pamoja. Nasi twakiri kosa letu: tuliwasifu kwa gari, wala hakuna aliyewauliza kwa upendo kama wataweza kulilipia. Labda ni sisi tuliowafanya waone haya kuja kwa miguu.

Hatusemi gari ni dhambi. Gari hupeleka mgonjwa hospitali na mazao sokoni. Lakini kabla ya kutia sahihi, tujijaribu miezi 6: kila mwezi tuweke akiba kiasi kile kile tutakachodaiwa. Tukishindwa, tumejua mapema, wala hakuna aliyetunyang'anya kitu. Tukiweza, 40,000 mara 6 ni 240,000, na arabuni imekaribia kutimia.

Tena tuulize bila haya: Je, riba yahesabiwa juu ya deni lote, au juu ya lile lililobaki? Tukikosa mwezi mmoja, itakuwaje? Gari likiuzwa kwa bei pungufu, nani atalipa? Na mdhamini ausome mkataba kwa macho yake, na watu wa nyumbani mwake wajue.

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Yule mjane aliyemlilia Elisha, wanawe walipotaka kuchukuliwa kwa deni, aliambiwa auze mafuta, alipe deni kwanza, ndipo aishi yeye na wanawe kwa yaliyosalia. Nasi tufuate utaratibu huo.

Mungu aliyetutangulizia arabuni atujalie kuwa watu ambao neno lao ni kweli, kwake na kwa jirani. Amina.