Deni la Mpangaji Muziki

Muziki wa chumbani wa Ulaya ni muziki wa wapigaji wachache, ambapo kila mmoja ana sauti yake peke yake. Mtu anapouandika upya ili upigwe na kundi la mabaragumu ya okestra, anaigusa kazi ya mtunzi ambaye aghalabu amekwisha kufa. Marehemu hawezi kukubali wala kukataa. Je, mpangaji ana deni gani kwake?

Wako wanaosema tuwasikilize watunzi wenyewe. Lakini watunzi hawatoi jibu moja. Mwaka 1782 Mozart aliharakisha kuipanga opera yake Die Entführung aus dem Serail kwa ala za kupuliza, akihofia mwingine asije akamtangulia na kuvuna faida. Mwaka 1802 Beethoven alilalamika kwa barua juu ya tabia ya kuhamishia muziki wa piano kwenye ala za nyuzi, ilhali yeye mwenyewe alikuwa ameihamisha sonata yake moja. Kwa hiyo natafuta kipimo ndani ya kazi yenyewe.

Nachukua mfano wa Haydn. Katika sehemu ya pili ya kwateti yake ya nyuzi, Opus 76 namba 3, wimbo mmoja unapigwa mara tano. Kinachobadilika ni sauti zinazouzunguka. Fidla ya kwanza inaanza, kisha wimbo unachukuliwa na fidla ya pili, halafu chelo, halafu viola, na mwisho unarudi kwa fidla ya kwanza. Hakuna anayebaki msindikizaji tangu mwanzo hadi mwisho.

Baragumu haliwezi kuyafanya hayo yote kama yalivyoandikwa. Fidla hupanda juu kupita upeo wa kawaida wa baragumu. Mpiga fidla hahitaji pumzi ili noti yake iendelee, lakini mpulizaji lazima avute hewa, na midomo yake huchoka. Tena, fidla ya pili inaposhika wimbo, ile ya kwanza hukimbia kwa noti za haraka zinazomwelemea mpulizaji mmoja. Basi mpangaji atashusha ufunguo, atawagawia noti hizo wapulizaji wawili, na ataacha nafasi za kupumua. Je, amemdhulumu Haydn? Sidhani. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Sasa tumfikirie mpangaji mwingine. Huyu anahifadhi kila noti anayoweza, lakini mara zote tano wimbo anampa mpulizaji hodari kuliko wote, ili walio dhaifu wasiaibike na wasikilizaji wafurahi. Ukihesabu noti, huenda amehifadhi nyingi kuliko mwenzake. Hata hivyo, mimi naona huyu ndiye aliyedhulumu, tena pande mbili: marehemu aliyepanga zamu, na walio hai walionyang'anywa zamu zao. Kama ni huruma, angewarahisishia noti bila kuwanyima nafasi.

Sisi wa Uganda tuna mfano wa karibu katika amakondere, mabaragumu ya jumba la mfalme. Kila baragumu lina noti yake chache tu, na wimbo huzaliwa kwa kupokezana. Akinyamaza mmoja, wimbo hutoboka. Huko hakuna awezaye kusema kwamba wimbo ni wake peke yake.

Kwa maoni yangu, basi, deni la mpangaji ni kulinda uhusiano wa sauti: nani anaongoza, nani anajibu, nani anampisha mwenzake. Noti zinaweza kushushwa, kugawanywa, hata kupunguzwa kwa ajili ya jambo hilo. Liko na deni la pili, dogo lakini la lazima: kumwambia msikilizaji waziwazi kwamba kazi imepangwa upya, na nani ameipanga. Marehemu hawezi kujitetea, na msikilizaji asipoambiwa, makosa ya mpangaji yataandikwa kwa jina la Haydn.