Ridhaa Chini ya Muhuri

Katika sheria ya Uingereza iko hati ambayo jina lake humtaabisha mfasiri. Nikiigeuza neno kwa neno napata "amri ya ridhaa", na maneno hayo mawili hayapatani. Aliyeridhia haamrishwi, na aliyeamrishwa haulizwi kama ameridhia. Hata hivyo hati hiyo hutolewa kwa waume na wake waachanao, waliokwisha kuafikiana wenyewe juu ya nyumba, akiba, kiinua mgongo na posho, kisha wakayapeleka mapatano yao kwa jaji ayapitishe.

Kwa nini wayapeleke? Ni watu wazima, wenye akili zao. Walipooana hapana jaji aliyewauliza iwapo mahaba yao yana insafu. Iweje leo, katika kuachana, neno lao lisitoshe?

Jibu moja lilitoka mwaka 1929, katika kesi ya Hyman. Mke alikuwa ametia saini hati ya kutengana, akakubali fedha na posho ya kila wiki, naye akaahidi kuwa hatadai zaidi. Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya juu kabisa zama hizo, likaamua kwamba ahadi ile haiwezi kuizuia mahakama kumsikiliza. Uwezo wa mahakama kumwamulia mke matunzo haukuwekwa kwa ajili yake yeye tu hata auze. Umma nao una haki humo.

Kwangu hoja hiyo haitoshi. Imeelekea hesabu kuliko uadilifu. Iko nyingine nzito zaidi, na lugha yetu inaijua. Sisi tunatenga kuridhia na kuridhika. Mtu huweza kuridhia jambo na moyo wake usiridhike nalo hata chembe. Amechoka, ana watoto wa kulea, na ndugu zake wamemsihi ayamalize. Mwenye nguvu mpishe, husema watu. Na aliyepisha huhesabiwa kuwa amekubali. Huku visiwani sura hiyo twaiona katika khului, mke anapojikomboa kwa kurejesha mahari. Dini imemruhusu. Lakini wanazuoni wamekaza kwamba si halali mume kumdhiki mkewe kwa makusudi ili ajikomboe. Basi nani atakayelijua hilo, ikiwa hapana aulizaye fidia ile imetoka katika hiari au katika dhiki?

Na iko ridhaa iliyoharibika kwa sababu nyingine, kwamba aliyeitoa alifichwa. Katika kesi ya Sharland, mwaka 2012, mume na mke walipatana shauri likiwa linaendelea. Mume alikuwa ameieleza mahakama kuwa kampuni yake haina mpango wa kuuza hisa sokoni. Kabla ya amri kutiwa muhuri, mke akagundua kuwa matayarisho ya mauzo yale yalikuwa yakifanyika. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikampa haki, na Jaji Hale akafafanua kuwa hadaa huibatilisha ridhaa, na bila ya ridhaa ya kweli amri yenyewe haina msingi.

Lakini je, yule ajuaye kila kitu na bado akachukua kidogo? Huyo ndiye mke wa kesi ya Edgar. Mumewe alikuwa tajiri mkubwa. Wakili wake mwenyewe alimwonya kuwa mahakama ingempa zaidi mno. Akatia saini, akapokea takriban pauni 100,000. Baadaye akarudi kudai, jaji akamwamulia pauni 760,000. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo: alishauriwa, hakulazimishwa, basi alitimize neno lake. Wengi huona huo ni ukatili. Mimi naona majaji wale walimheshimu, kwa kuwa waliuliza kwanza, wakapata jibu, ndipo wakamwacha na uamuzi wake.

Linalonitatiza ni hilo la kuuliza. Siku hizi jaji wa huko aghlabu hawaoni waombaji. Huletewa mapatano pamoja na muhtasari wa mali na kipato cha kila mmoja; akiwa na shaka hutaka maelezo, asipokuwa nayo hupitisha. Mke wa Edgar tunamjua kwa sababu alisimama mahakamani akasema. Aliyetia saini kwa kuchoka, asirudi kusema lolote, karatasi yake haina tofauti na ya aliyetia saini kwa furaha.