Mkono Ulio Nyuma ya Kichwa

Kinyozi hajinyoi. Methali hii ni fupi, lakini imebeba habari kubwa juu ya hali ya binadamu. Mtu aweza kuuona mlima ulio mbali, na nyota iliyo mbali zaidi, bali kisogo chake mwenyewe hakioni tangu kuzaliwa hata kufa. Akitaka kichwa chake kitengenezwe hana budi kuketi, kuinamisha shingo, na kumpa mwenzake mgongo. Kumpa mtu mgongo ni kumwekea amana. Msomaji, nataka tufikiri pamoja juu ya amana hiyo, na swali letu ni hili: kazi ikitoka nzuri, na chombo kikabaki kizima, na mwenye kuifanyiwa akashukuru, je, twaweza kusema kwamba imefanywa kwa usalama?

Mfano nitakaoutumia ni mdogo, na huenda ukakuchekesha. Ni kazi ya kutia mawimbi katika nywele za bandia kwa maji moto. Walakini jambo dogo halina majivuno, na kwa sababu hiyo mara nyingi hutuonyesha ukweli ambao mambo makubwa hutuficha.

Kitengela ni mji wa Kaunti ya Kajiado, kando ya barabara kuu iendayo Namanga. Zamani si nyingi palikuwa nyika ya ng'ombe na wanyama wa porini. Leo pana maghorofa, masoko, na watu waliotoka kila pembe ya Kenya, wengi wao wakienda kazini Nairobi na katika viwanda vya Athi River. Mahali penye watu wengi hapakosi wasusi. Jumamosi alasiri utawakuta katika vibanda vyao, mmoja ameketi juu ya kiti kifupi, mwingine amesimama nyuma yake, na kando yao jiko lenye sufuria ya maji yanayotoa mvuke. Msuko ukikwisha, ncha zake huzungushwa juu ya rola na kuchovywa katika maji hayo, ndipo zitoke na mawimbi.

Nywele hizo, tukisema kweli, si nywele. Ni nyuzi za plastiki. Uzi mmoja unaojulikana sana, uitwao Kanekalon, ulianza kutengenezwa na kampuni ya Kaneka ya Japani mwaka 1957, na tangu hapo nyuzi za namna nyingi zimefuata. Tabia ya nyuzi hizi ni moja: zikipata joto la kadiri hulainika, na zikipoa hushika umbo lile lile zilimopoea. Joto likipita kadiri, huyeyuka, hushikamana, na hazirudi tena katika hali yake. Basi pasi ya nywele, ambayo yaweza kufikia nyuzijoto 200, ni adui wa nyuzi nyingi kati ya hizo. Maji ni rafiki, kwa kuwa maji yana mpaka wao. Chochea moto upendavyo, maji yaliyo katika sufuria iliyo wazi hayatapita kiwango chake cha kuchemka; na Kitengela, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,500 na kitu, kiwango hicho hakifiki hata 100, bali ni kama 95 tu.

Msusi hodari hujua haya, hata kama hakuyasoma katika kitabu. Kwanza huchukua uzi mmoja uliokatwa, akauchovya peke yake kuujaribu, kwa maana si nyuzi zote zinazovumilia joto sawa. Kisha huigawa misuko katika mafungu yaliyo sawa, akaizungusha juu ya rola bila kuilegeza wala kuikaza kupita kiasi, na kuifunga ncha zake. Huchovya kwa muda mfupi, huminya maji kwa taulo, hasugui. Mwisho huja sharti lililo gumu kuliko yote, nalo ni kungoja. Rola ikifunguliwa nywele zingali na joto, wimbi hulegea na kazi yote huwa bure. Katika nyanda hizo hizo za Kitengela wako mafundi maarufu wanaoyeyusha vioo vikuukuu na kuvigeuza kuwa bilauri na mapambo. Nao hufungwa na sheria iyo hiyo: kioo kilichotoka motoni hakina budi kupozwa polepole, la sivyo hupasuka. Moto hulainisha, lakini subira ndiyo itiayo umbo.

Mpaka hapa yaweza kuonekana kwamba swali letu limekwisha jibiwa. Ijue tabia ya kitu, usikitende kupita kadiri yake, ngoja kipoe. Huo ndio usalama. Mimi nami niliamini hivyo nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu. Nilikuwa nikiwasuka wenzangu kwa malipo kidogo, fedha ambazo zilininunulia sabuni na madaftari, na sifa yangu ilikuwa kwamba katika mikono yangu nywele hazikuwahi kuungua.

Siku moja ya Ijumaa mwenzangu mmoja alikuja chumbani nilikopanga Kitengela. Kesho yake alitakiwa awe Kajiado mjini, mwendo wa kilomita kama 50, katika arusi ya dada yake. Tulianza kusuka asubuhi, na jua lilipokuchwa ndipo nilipofika kwenye mawimbi. Nilikuwa nimechoka, na matatu ya mwisho aliyotaka kupanda ilikuwa karibu kuondoka. Sikuweka sufuria chini penye utulivu. Niliishika kwa mkono mmoja na kuiinua mpaka kwenye misuko, huku mkono wa pili ukizikusanya rola. Wala sikumtandikia taulo shingoni, maana taulo ilikuwa imelowa na sikutaka kupoteza dakika za kutafuta nyingine. Mkono wangu ukatetemeka. Maji yakamwagika juu ya shingo yake.

Alipiga kelele mara moja tu. Kisha kabla hajasema neno, mimi nikasema, "Umetikisika!"

Hakuwa ametikisika. Nilijua hivyo wakati ule ule neno lilipokuwa likinitoka. Lakini yeye hakuweza kuona kilichotendeka nyuma ya kichwa chake. Shahidi alikuwa mimi peke yangu, na mshtakiwa alikuwa mimi peke yangu, na shahidi akamwokoa mshtakiwa. Mwenzangu akashika shingo yake, akaniambia huku machozi yakimtoka, "Nisamehe, dada, nimekuharibia kazi."

Nikampaka dawa ya meno, kama nilivyokuwa nimeona watu wakifanya. Hilo nalo lilikuwa kosa, maana aliyeungua kwa maji moto apasa kumiminiwa maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, wala asipakwe kitu. Kesho yake alikwenda arusini akiwa amejifunga leso shingoni. Naambiwa kila mtu aliyasifu mawimbi ya nywele zake. Hapana uzi hata mmoja ulioharibika.

Tazama basi, msomaji, jinsi swali letu lilivyorudi. Maji yale yale yaliyo salama kwa plastiki si salama kwa ngozi ya mtu. Maji ya nyuzijoto 60 tu yaweza kumwunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde chache, na msusi hutumia maji yaliyo na joto kuliko hayo. Nilikuwa nimejifunza kadiri ya nywele, sikujifunza kadiri ya shingo. Nilijiuliza mara nyingi kama nywele zitaungua. Sikujiuliza ni nani aliye chini yake. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini chini ya misuko ile hapakuwa na kipande cha mti. Palikuwa na mtu aliyeniamini.

Pengine utasema kwamba ajali si dhambi. Ni kweli. Mkono wa fundi yeyote waweza kuteleza, na mtu akihukumiwa kwa kila kinachomponyoka hatabaki fundi duniani. Walakini ajali yangu ilikuwa na wazazi wake: uchovu nilioujua, haraka niliyoikubali, na taulo niliyoacha kuitafuta. Na hata hayo yote yakisamehewa, linabaki neno lile moja. Maji yalimwagika bila mimi kutaka. Neno nililisema kwa kutaka. Jeraha la maji lilipoa baada ya majuma machache. Ukitaka kujua jeraha la neno lilichukua muda gani, nitakueleza hivi punde.

Pengine tena utasema kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetaka uzuri, na atakaye uzuri hukubali hatari yake. Hoja hii ina nguvu kidogo, lakini haifiki mbali. Mtu aweza kukubali hatari aliyoelezwa; hawezi kukubali iliyofichwa nyuma yake. Mwenzangu alikubali maji moto. Hakukubali haraka yangu, maana hakuiona; wala hakukubali kubeba kosa langu, maana hakujua kwamba ni langu.

Huku kwetu Kajiado iko desturi inayonifundisha zaidi kuliko vitabu vingi. Kijana wa Kimaasai akiwa morani hufuga nywele, nazo husukwa nyembamba na kupakwa mafuta na udongo mwekundu. Hizo ni fahari yake. Inapofika sherehe iitwayo Eunoto, inayomwelekeza kwenye daraja la wazee, huketi na mama yake mzazi akamnyoa. Kijana aliyezoea kubeba mkuki huinamisha kichwa chini ya wembe, naye hatikisiki. Kwa nini mama ndiye anyoaye? Watu waweza kutoa sababu nyingi za mila. Mimi naona mojawapo isiyohitaji mkalimani. Wembe ukimkata mwana, damu ni ya mama pia. Mkono ulio nyuma ya kichwa ni salama pale tu ambapo maumivu ya mbele ya kichwa hufika mpaka kwenye mkono huo.

Sasa mimi ni mwalimu, na nimegundua kwamba sikuiacha kazi ya ususi. Darasani nako watoto hunipa kisogo, si cha mwili, bali cha akili. Hawawezi kuona kama somo nimelitayarisha au nimelibahatisha. Hawajui kama nimesahihisha madaftari yao kwa makini au nimepita juu juu nikiharakia nyumbani. Mtoto akishindwa mtihani, neno huwa tayari ulimini mwangu: hakutulia, hakusikiliza, ametikisika. Mara nyingine ni kweli. Lakini naliogopa neno hilo, kwa kuwa najua jinsi lilivyo jepesi, na najua kwamba mtoto atalisadiki, kisha aniombe radhi.

Wala si mimi na wasusi tu. Dereva wa matatu, mpishi wa shule, mwashi anayechanganya saruji na mchanga, muuguzi aliyeshika sindano, wote hufanya kazi mahali ambapo jicho la mwenye kufanyiwa halifiki. Wewe nawe, msomaji kijana, siku moja mtu atakuinamishia shingo. Siku hiyo usijiulize tu kama kitu ulichonacho mkononi kitaharibika. Jiulize ni nani aliye chini yake, na kama likitokea la kutokea utasema nini katika ile dakika ambayo shahidi ni wewe peke yako.

Nilikuahidi habari ya jeraha la neno. Baada ya miaka kumi na moja nilihamishiwa shule moja karibu na Kajiado mjini, nikakutana na mwenzangu yule sokoni. Tulifurahi, tukaketi, tukanywa chai. Nikakusanya moyo, nikamwambia, "Dada, siku ile hukutikisika. Ni mkono wangu." Alinyamaza kitambo akikoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha korogwa. Kisha akaniambia kwamba tangu siku ile, kila aketipo kwa msusi, huikaza shingo yake tangu mwanzo mpaka mwisho, asije akatikisika tena akaharibu kazi ya mtu. Hurudi nyumbani shingo ikimwuma, naye alidhani ndivyo alivyoumbwa.

Nikamwomba radhi. Alinisamehe, naye ni mtu wa kusamehe kwa kweli. Kisha akainua mkono wake polepole, akajipapasa kisogo, mahali ambapo hajawahi kupaona.